Mita Kumi

Alhamisi, Novemba 13, 1997

...na mimi nikamjibu shoga yangu Klara, mwanaume anayejifulia soksi hana matatizo, matatizo unayo wewe unayemhesabia soksi. Tukacheka mpaka maharage yakaungua, ndiyo maana jana niliacha katikati. Haya, nimerudi. Nilikuwa namsema Gaurav.

Huyu Gaurav ni mtoto wa mzee Jashvant, yule Mhindi mwenye duka la vipuri Shinyanga mjini. Kijana mpole, Kiswahili chake kinanyooka kuliko changu. Ameletwa hapa Nyamihuna na Donatus, mwenye duara kubwa. Duara ni shimo la kuchimbia, sisi wa machimboni ndivyo tunavyoliita. Kazi yake ni kupima. Ana mashine ya miguu mitatu, inatupa mwanga usioonekana kwa macho, na ng'ambo lazima asimame mtu na fimbo yenye kioo kichwani, mwanga ugonge kioo urudi. Waliokuwa wakishika hicho kioo wote wamekimbilia kuchimba. Akabaki ananitazama mimi muuza chakula.

"Mama Vaileth, unaweza kusimama bila kutikisika?"

Nikamwambia, baba, nimesimama foleni ya sukari miaka ya vita, sembuse fimbo.

Basi nimekuwa mshika kioo. Daftari hili kanipa yeye niandike namba anazopigia kelele. Namba naziandika kwa mbele, maneno yangu naanzia nyuma. Darasa la nne nililoliacha misheni Ushirombo limepata kazi uzeeni.

Jumamosi, Novemba 15

Mvua. Kuni mbichi. Moshi umeniliza kuliko msiba.

Jumanne, Novemba 18

Kila asubuhi Gaurav anaipima mashine yake kama mtoto wa kliniki. Nyuma ya kambi kapiga vigingi viwili, katikati yake mita hamsini, kazipima kwa utepe wa chuma mara nne. Nasimama na kioo kwenye kigingi kimoja, yeye kwenye kingine, anasoma mara tatu. Ikisema hamsini na sentimita mbili, anaandika kwamba leo imezidisha senti mbili, na kila namba ya siku hiyo anaipunguza. Joto likipanda inabadilika tena, anarudia tena.

Klara akapita na ndoo. "Mbona kila siku mnapima palepale, pamehama?"

Gaurav hakukasirika. Aliniambia mashine inajua umbali kwa mdundo. Mwanga unatoka ukipigapiga, unarudi ukipigapiga, na mashine inasikiliza uliorudi umechelewa kiasi gani nyuma ya uliotoka. Nikamwambia hilo nalijua. Ni kama kutwanga wawili kinu kimoja. Ukifumba macho unasikia mwenzako kachelewa kidogo, mchi wake hauanguki katikati ya mapigo yako mawili.

Akafurahi huyo! "Hivyo hivyo mama! Sasa je, akichelewa pigo zima?"

Nikafikiri. Akichelewa pigo zima, mlio unakuwa sawasawa, husikii kosa.

"Basi," akasema, "pigo zima la hii mashine ni mita kumi. Ule mdundo wa haraka unajua senti, lakini haujui ni kumi la ngapi. Kwa hiyo inapiga na mwingine wa polepole, wa kuhesabu makumi. Ule wa polepole ukirudi hafifu, inaruka kumi nzima na namba inapendeza vilevile."

Nikamwambia kula ugali, umekonda kwa kufikiri.

Ijumaa, Novemba 21

Radi imeua ng'ombe watatu ng'ambo ya mbuga, chini ya mti mmoja, miguu juu. Mwenye ng'ombe amekaa chini karibu nao. Klara kafunika kioo chake cha kujitazamia, kafunika sufuria, kafunika hata kijiko. Nimemcheka, halafu nikaenda kufunika changu. Mama yangu alitufundisha tangu tukiwa wadogo, wingu likitanda kila king'aacho kivalishwe nguo, kwa maana radi inatafuta uso wake. Sijawahi kuona nyumbani kwetu kioo kikiwa wazi mvua ikinyesha.

Jumanne, Novemba 25

Leo nimechoka lakini nitasema.

Kuna shimo la zamani, walichimba Wazungu kabla ya Uhuru wakaliacha. Liko wima, limejaa maji mpaka karibu na mdomo, kina chake hakuna anayekijua. Duara la Donatus liko upande huu wa mbuga, na njia yao ya chini kwa chini inafuata mkanda wa dhahabu kwenda hukohuko kwenye shimo. Wanasema jiwe linazidi kuwa tamu kadiri wanavyosogea. Lakini wakilitoboa lile shimo, maji yote yanakuja kwao. Kwa hiyo Donatus anataka kujua kutoka mdomo wa duara hadi shimo la zamani ni mita ngapi, ili ajue aishie wapi. Utepe haupiti, mbuga imejaa maji na miiba. Mwanga unapita.

Nilizunguka na kioo mpaka kule, nikasimama ukingoni. Maji meusi, hayana hata chura. Gaurav akabaki kwenye duara. Mara wingu hilo, kutoka upande wa Geita, jeusi kama sufuria yangu. Likanguruma. Mimi peke yangu uwandani, nimeshika fimbo ndefu, juu yake kioo kinang'aa. Nikawaona wale ng'ombe watatu.

Kufunika kwa khanga nisingeweza, mwanga usingepita, hilo akili ilinitosha. Nilikuwa na nailoni ya kufungia maandazi, ile ya kuonea ng'ambo. Nikakivisha kioo, nikaifunga kwa uzi. Macho yangu yanapita, nikajua na mwanga wake utapita. Na radi isingekiona.

"Mama Vaileth! Kioo kimepinda?"

"Hakijapinda!"

"Mbona inasikia kwa shida? Nyoosha!"

Nikanyoosha. Mvua ikaanza kudondoka juu ya nailoni.

"Haya! Sabini na nane nukta mbili moja!"

Nikaandika. Akaivulia mashine koti lake mwenyewe akaifunika, akanipungia turudi. Kasoma mara moja tu, mara zote husoma tatu. Akasema kesho tutarudia. Nailoni niliivua njiani nikaitia mfukoni, maana angenicheka.

Jumatano, Novemba 26

Hatukurudia. Alfajiri umekuja ujumbe mzee Jashvant kaanguka, Gaurav kapanda lori la Shinyanga. Mashine kaacha kwangu chini ya kitanda. Donatus kafungua daftari mwenyewe, kaona 78. Kasema tutaacha ukuta wa mita kumi, tutachimba hadi sitini na nane, na huko mwishoni ndiko kuna mali. Kachinja mbuzi wawili. Mwanaume mkarimu yule, kila mtu alipata nyama, hata Klara aliyemsema vibaya wiki nzima.

Jumatatu, Desemba 1

Mvua. Nimeuza chai tu.

Jumamosi, Desemba 6

Vaileth wangu kanitembelea na tumbo lake la miezi saba. Mumewe, Meshack, anachimba kwa Donatus, zamu ya mchana, pamoja na Marcel na Ansgar. Mkwe wangu simsemi vibaya kwa sababu sijawahi kumtazama usoni. Kwetu mama mkwe na mkwe hawasogeleani wala hawasemeshani. Akiniona anakata kona, nami nikimwona nageukia moto. Maneno yote yanapita kwa Vaileth. Lakini mgongo wake naujua, mgongo wa mtu wa kazi.

Vaileth anasema wamefika mita hamsini na nne, jiwe linametameta, na Meshack kaahidi kuezeka bati kabla mtoto hajazaliwa. Nikasema Mungu ni mwema.

Jumanne, Desemba 9

Mvua. Redio inaiita Elnino. Klara anasema ni jina la mwanamke, kwa maana haichoki.

Jumamosi, Desemba 13

Gaurav karudi, mzee wake kapona upande mmoja. Hata chai hajanywa, kaomba daftari.

"Mama, ile ya shimo la zamani waliichukua?"

Nikasema Donatus kaichukua zamani, wako karibu sitini.

Kafungua ukurasa wa siku ile. Halafu kaniuliza polepole, "Siku ile mashine ilikuwa inasikia kwa shida sana. Kioo kilikuwa safi?"

"Safi, mwanangu. Nilikifuta mwenyewe."

Sijui kwa nini. Ulimi ulitoka kabla yangu. Mimi ninayesema ya watu wote, langu moja likanishinda. Nikamwongezea sukari kwenye chai, nikaanza kumsimulia habari za soksi.

Jumapili, Desemba 14

Katekista kahubiri, sikusikia hata neno.

Jumatatu, Desemba 15

Asubuhi tukaenda kwenye vigingi. Kasoma mara tatu, hamsini, hamsini, hamsini. Nikasema kama mzaha, mwanangu, hebu tujaribu kitu, mtu akikivisha kioo nailoni inakuwaje? Akacheka, akasema jaribu. Nikakivisha ileile, nikainyunyizia maji kwa vidole.

"Hamsini," akasema. Nikapumua.

"Hamsini." Nikaanza kuivua.

"Subiri. Sitini."

Akarudia. Hamsini. Akarudia. Sitini. Na senti zilezile, hazikubadilika, ndivyo inavyopendeza. Akainua uso kutoka kwenye mashine akanitazama kwa muda mrefu, na mimi sikuhitaji kusema tena.

Nilisema hata hivyo. Nilimwambia yote, wale ng'ombe, wingu, nailoni, uzi. Nilipiga magoti kwenye matope. Hakunigombeza. Alisema, "Mimi nilisoma mara moja. Mtu aliyefundishwa hasomi mara moja." Halafu akanyanyua mashine begani akaanza kukimbia, nami nyuma na kioo, umri huu.

Nikazunguka mpaka shimo la zamani. Kioo wazi, wingu juu, sikujali. Akasoma mara tano. Kila mara sitini na nane nukta mbili moja.

Tukamkuta Donatus kwenye kamba inayozunguka duara, ambapo sisi wanawake tunaishia, mwiko kuivuka. Gaurav akamwambia wasimamishe kazi sasa hivi, shimo liko karibu zaidi ya alivyosema, kwa mita kumi. Wako wapi? Donatus akasema sitini na tatu.

"Basi zimebaki tano, na mawe ya pale yana nyufa. Watoe watu."

Donatus akacheka, na watu wake wakacheka. "Mhindi, mwezi uliopita ulisema sabini na nane. Leo sitini na nane. Kesho utasema hamsini, keshokutwa utaniambia nichimbe chini ya kitanda changu."

"Mashine ilikosea."

"Ilikosea kwa nini?"

Gaurav akafuta tope kwenye mguu wa mashine.

"Nakuuliza. Ilikuwa nzima mpaka nilipofika kwenye mali, mara inakosea? Nani kakutuma? Wale wenye kampuni wanaotaka tuhame? Mashine moja, namba mbili, nichague ipi? Mimi nachagua yenye dhahabu."

"Ilikosea kwa nini?" akauliza na mwingine, na mwingine tena.

Gaurav alitazama chini. Hakunitazama mimi hata kwa bahati mbaya. Njiani nilikuwa nimemwambia, mwanangu usinitaje, mkwe wangu yumo mle, Vaileth atanionaje, nitauza chakula kwa nani. Na yeye akasema sawa mama.

Nami nilisimama pale na fimbo. Neno lilikuwa moja tu. Wote pale ni watoto wa nyumba zinazofunika vioo. Ningesema nilikivisha nailoni kwa ajili ya radi, nani asingeelewa? Wangenitukana, wangecheka wiki mbili, na wangeamini. Nikatazama miguu yangu. Matope yalikuwa yamefika kwenye vifundo.

Jumanne, Desemba 16

Siwezi kumsemesha Meshack. Nimemwita Vaileth, nikamwambia mwambie mumeo asiingie tena duarani.

"Kwa sababu gani, mama?"

"Mwambie tu."

"Umeota?"

Nikasema ndiyo, nimeota. Na hilo nalo uongo.

Jioni karudi na jibu. "Anasema anakushukuru mama kwa kumjali. Anasema Donatus kaahidi mita mbili tu tena, na bati ziko Kahama zinasubiri. Anasema umwombee." Kisha akacheka, binti yangu, akashika tumbo. "Anasema ndoto za mama mkwe ni za kuogopa kuliko maji."

Nikacheka naye. Gete, nilicheka kweli.

Jumatano, Desemba 17

Saa saba mchana nilikuwa napakua. Sikusikia mlipuko, watu wanasema mlipuko lakini haukuwepo. Ilikuwa kama ng'ombe anavyovuta pumzi. Halafu upepo ukatoka kwenye mdomo wa duara, upepo wa baridi unaonuka kutu, ukaiinua kofia ya mtu. Halafu maji.

Walitoka kumi na mmoja, wengine wamechunwa ngozi na matimba, zile nguzo za kuzuia kuta. Wa mbele kabisa, watatu, hawakutoka. Marcel, Ansgar, Meshack.

Ng'ambo ya mbuga, maji ya shimo la zamani yameshuka, wanasema urefu wa nyumba. Walikuwa wamefika sitini na tano na nusu.

Nilivuka kamba. Hakuna aliyenizuia.

Alhamisi, Desemba 18

Wamempiga Gaurav.

Donatus ndiye aliyeanza kusema, kwa sauti, mbele ya wafiwa, kwamba namba iliyowaua ilitoka kwa Mhindi. Yule aliyeambiwa asimamishe akasema namba iliyowaua ilitoka kwa Mhindi. Wakaivunja mashine kwa moko, yale mapatasi ya kutobolea mwamba. Gaurav hakuizuia. Damu ikimtoka puani alisema, "Kweli, namba ilikuwa yangu." Hilo tu.

Mgambo wakampakia kwenye gari la mkaa. Alipopita kwenye banda langu alinisalimia, "Shikamoo mama." Sikuitikia marahaba. Klara akasema ona anavyojipendekeza, muuaji, na mimi, Paskazia ninayejibu kila kitu, sikumjibu Klara.

Vaileth amekaa kwenye mkeka wangu, hali chakula. Anarudia neno moja, Mungu amvunje kama mashine yake. Nampepea. Namwambia kunywa uji.

Ijumaa, Desemba 19

Pampu imekuja kutoka Kahama. Imeharibika.

Jumamosi, Desemba 20

Pampu imepona. Mvua pia haijachoka. Inatoka ndoo, zinaingia mbili. Donatus kaondoka, anasema kwenda kutafuta pampu kubwa. Shati lake jipya.

Jumapili, Desemba 21

Wamemtoa Marcel. Mama yake kaja kwa miguu kutoka Ushirombo, bibi mdogo kabisa. Kanishika mkono, kaniambia wabeja mayu, asante mama kwa kuwapikia watoto wetu. Nikamwuliza Vaileth kama anakumbuka alipokuwa mdogo alivyoogopa kisima. Akavuta khanga usoni. Sijui kwa nini niliuliza.

Watu wanakuja kwenye mkeka kunipa pole. Wanasema mama Vaileth amenyamaza, msiba umemkata ulimi. Wanasema ndoto yake ilikuwa ya kweli, aliona, akamwonya mkwe. Klara anaitangaza hiyo ndoto kambi nzima. Kuna mwanamke kaja kuniuliza kuhusu mume wake, eti niotee.

Jumatatu, Desemba 22

Ansgar ametoka asubuhi. Bado mmoja. Wanasema kina kimebaki kidogo, kama mita nne, jioni watafika. Mvua imesimama tangu saa tatu, na jua linawaka bila aibu.

Kina mama wameniambia nikae, wao watapika. Nimekaa nyuma ya banda na daftari. Kule mbele, kwenye namba, nimeliangalia lile sabini na nane nililoandika kwa mkono wangu, limenyooka vizuri, mwalimu angelitia vema.

Nataka kumwambia Vaileth leo, kabla hawajamtoa mumewe. Baadaye atakuwa na maiti ya kutazama, hatanisikia, na nikingoja arobaini nitangoja na mwaka, najijua. Na Gaurav yuko polisi na pua iliyovunjika. Nimejaribu kuandika nitakavyosema, maana mdomo wangu siuamini tena. Nimekata mara nne. Moja ilianzia kwenye ng'ombe. Nyingine ilianzia kwa mama yangu, kama vile yeye ndiye aliyeshika fimbo. Hii ya tano ni hivi.

Vaileth mwanangu, kaa. Usimlaani yule kijana. Alikuja kuwatoa, wakamwuliza kwa nini, na jibu nilikuwa nalo mimi, nimesimama pembeni yake. Ningesema neno moja mumeo angepanda juu akala mchana kwangu. Sikuota chochote. Nilijua. Nilijua tangu Jumatatu, nikakutuma wewe na uongo kwa sababu niliona aibu ya kuchekwa. Ukitaka kunipiga nipige, ukitaka nisimshike mjukuu

"Mama! Mama wee! Acha kuandika, njoo! Mama, wamemtoa, wanaita wa nyumbani kwake, njoo tumtambue!"

Ni Vaileth. Amesimama kwenye kamba, ananipungia kwa mikono miwili. Naenda.